Sifa ya Mkono Ujizuiao

Kazi nyingi zimepata wasemaji wa kuzisifu. Sonara ana sifa zake, mwalimu ana zake, na tabibu mpasuaji, ambaye kazi yake huonekana kwa macho na kukumbukwa kwa kovu, hakosi mtu wa kumsimulia barazani kila alasiri. Bali iko fani moja ya utabibu ambayo sifa zake ni haba, si kwa kuwa fani yenyewe ni duni, ila kwa kuwa sehemu kubwa ya uzuri wake imo katika mambo ambayo mwenye kuifanya aliweza kuyatenda, akatamani kuyatenda, kisha akayaacha. Nayo ni fani ya daktari wa watoto aliyetoka kwao kwa hiari, pasipo ujira wa kutajika, akaenda kufanya kazi katika hospitali ya ugenini ambayo vitanda vyake ni vichache kuliko wagonjwa wake, dawa zake zina majira ya kuwapo na majira ya kukosekana, na umeme wake hauna ahadi. Nimeifanya kazi hiyo kusini mwa Malawi, mimi niliyezaliwa na kusomeshwa pwani ya Tanga, na nimeiona ikifanywa na watu walionipita mbali kwa ustadi. Basi sifa nitakazozitoa hapa ni zao, nami nimo ndani yake kwa kadiri ya mwanagenzi tu.

Mgonjwa wa daktari huyu hana tabia za mgonjwa mwingine yeyote. Hasemi anaumwa wapi, akiguswa hulia, na maradhi yakimzidi hunyamaza, na kimya chake ni cha kuogopwa kuliko kilio chake. Mwili wake hauna akiba. Mtu mzima huweza kukaa na homa siku kadhaa huku akiendelea na shughuli zake, ilhali mtoto wa miezi minane aliyekuwa akicheza na kifuniko cha sufuria asubuhi huweza kuwa mahututi kabla ya adhuhuri. Na, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, akitibiwa vema na kwa wakati, huweza kuketi kitandani kesho yake akidai uji. Katika hospitali za nchi tajiri upungufu wa maneno ya mtoto hufidiwa kwa mitambo: damu huchukuliwa na majibu yake kurudi kabla chai haijapoa, picha za eksirei hutazamwa, na kioo kilicho kando ya kitanda huonyesha mapigo ya moyo usiku na mchana. Katika hospitali ninayoisema, ambako vyote hivyo havipo au vipo vimeharibika, hubaki mtoto, mama yake, na mtu mmoja mwenye macho mawili, masikio mawili na vidole kumi. Mafundi wa jahazi wa pwani yetu hawakuchora umbo la chombo kwenye karatasi. Umbo lilikuwa jichoni, na tezo likalifuata jicho. Na daktari wa watoto aliyenyimwa mitambo hurudi, apende asipende, katika ufundi wa namna hiyo.

Kutazama huanza mlangoni. Zamani, na mahali pengi hata leo, watoto walingoja zamu hospitalini kama wangojavyo watu wazima, aliyetangulia kufika akatangulia kuonwa, na wapo waliokata roho kwenye benchi la mapokezi huku mbele yao akihudumiwa mtoto mwenye upele. Dawa ya aibu hii haikuwa mtambo wala jengo, bali utaratibu wa kuwatazama wote mara tu waingiapo, ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza, na ambao ulitiwa nguvu sana katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth ya Blantyre, mahali alipofanya kazi kwa miaka mingi Elizabeth Molyneux, daktari wa watoto aliyetoka Uingereza. Wanaofundishwa utaratibu huo si madaktari peke yao, bali wauguzi, makarani, hata bawabu wa lango. Mtoto anapumua bila ya shida? Amezirai? Ana degedege? Mikono yake ni ya baridi? Mkono ukiwa na joto, endelea na jambo jingine. Ukiwa baridi, bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, uuachie, ungoje wekundu urudi. Na ukikawia kupita sekunde tatu, mtoto huyo hana benchi la kungojea. Ni maswali ambayo mtu asiyejua kusoma aweza kuyashika barabara, na ambayo profesa, kwa wingi wa mambo aliyoyahifadhi, aweza kuyasahau.

Lakini hapana kipimo nikipendacho kuliko kuhesabu pumzi, na msomaji aniwie radhi nikikawia hapa. Mtoto huachwa mapajani mwa mama yake. Akiwa amelala haamshwi. Hatangulizwi sindano, wala havuliwi nguo kwa pupa. Nguo huinuliwa taratibu mpaka kifua na tumbo vionekane, kisha daktari hushika saa yenye mshale wa sekunde na kuhesabu kwa dakika nzima. Si nusu dakika mara mbili, kwa maana pumzi za mtoto mdogo hazina mwendo mmoja: hukimbia, hupumzika, hukimbia tena. Akilia, hesabu huanza upya. Mtoto aliye chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60, wa miezi miwili hadi mwaka akifikisha 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, huyo amevuka mpaka. Na ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila avutapo pumzi, kichomi chake kilihesabiwa kikali katika miongozo ya zamani. Mipaka hii haikuteremka kutoka maabara za Ulaya. Frank Shann, daktari wa watoto wa Australia aliyefanya kazi Goroka, katika milima ya Papua New Guinea, alikuwa miongoni mwa wale walioketi kando ya vitanda vya watoto wenye kukohoa, wakauliza ni ishara gani aweza kuiona mtu yeyote mwenye macho, hata asipokuwa na eksirei, ili ajue nani apewe dawa, nani alazwe, na nani arudishwe nyumbani. Na majibu yao yakaingia katika miongozo inayotumiwa leo na wahudumu wa zahanati ambazo hazijapata kuona eksirei tangu zijengwe. Dakika moja ya kunyamaza na kutazama ni muda mrefu mno katika wodi iliyofurika majira ya mvua, wakati malaria inapowaleta watoto wawili wawili katika kitanda kimoja, na mgeni wa wiki ya kwanza huiona kuwa ni anasa. Wiki ya nne hathubutu kuiruka.

Kipimo kingine kimechukua jina la mji wenyewe wa Blantyre. Kipimo cha fahamu kilichokuwa kimeenea ulimwenguni kilitoka Glasgow, nacho kilimtaka mgonjwa ajibu maswali na kutii amri, mambo ambayo mtoto wa mwaka mmoja hayawezi hata akiwa mzima wa afya. Daktari Malcolm Molyneux, pamoja na Terrie Taylor wa Marekani na wenzao, akiwamo daktari Mmalawi Jack Wirima, wakachapisha mwaka 1989 kipimo kinachomfaa mtoto mdogo aliyepatwa na malaria ya ubongo: macho yake yanaufuata uso wa mama? Akifinywa, mkono wake hupaelekea mahali panapouma, au hurudi nyuma tu, au haufanyi neno? Analia kilio cha mtoto, au anaguna tu, au kimya? Alama zote ni tano. Aliyezizoea humwachia mwenzake wa zamu ya usiku tarakimu moja tu, na mwenzake akaelewa hali ambayo ingechukua ukurasa mzima kuieleza.

Hayo ni ya macho na vidole. Lakini nilipotaja mambo yanayoachwa yasitendwe nilikuwa na muradi mwingine, nao sasa nitaueleza.

Mgeni hufika na mikono iliyojaa hamu. Ameacha mshahara, jamaa zake wamemwaga kwa fahari, naye anataka kutenda. Na wodi ya utapiamlo humpokea na kumtia adabu. Humo hukutana na mtoto wa unyafuzi: miguu imevimba, kidole kikiibonyeza huacha shimo, ngozi inabanduka mapajani, nywele zimepauka zikageuka nyekundu, na usoni mna huzuni isiyolingana na umri. Mgeni auonapo uvimbe hutaka kuukausha kwa dawa za kukojoza. Aonapo njaa hutaka kushibisha. Aonapo ukope mweupe hutaka kutoa madini ya chuma. Aonapo macho yaliyozama hutaka kutundika dripu. Kila moja ya tamaa hizo nne ina hoja yake, na kila moja yaweza kuua.

Sababu yake ni kwamba mwili uliokaa na njaa kwa miezi umekwisha kupunguza shughuli zake zote ili udumu. Moyo umekonda pamoja na mikono; figo hazimudu kutoa chumvi, nayo chumvi imejipenyeza ndani ya chembe za mwili huku potasiamu ikitoka; ini halina akiba ya sukari. Ukimjaza maji mshipani, moyo huelemewa. Ukimpa chakula kizito siku ya kwanza, madini yaliyobaki katika damu hukimbilia ndani ya chembe kwa ghafla, na mtoto hufa akiwa ameshiba, jambo lililowapata pia watu wazima waliokombolewa kutoka kambi za mateso za Ulaya mwaka 1945, wakafa kwa mikate ya wakombozi wao. Madini ya chuma nayo, yakitangulia, huwanufaisha vijidudu kabla ya kumnufaisha mgonjwa. Basi mtoto hupewa maziwa mepesi, yaitwayo F-75 kwa kuwa mililita 100 zake zina kalori 75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Hufunikwa vema, maana hawezi kujitia joto. Hupewa dawa za kuua vijidudu hata kama hana homa, maana homa nayo yataka mwili wenye nguvu. Chuma hungoja hadi aanze kula kwa hamu na kuongezeka uzito.

Na kwanza uzito hushuka. Uvimbe unapotoka, mama aliyemleta mwanawe ili anenepe huona kwenye mizani kwamba amepungua, na hapo ni muuguzi mwenyeji, wala si daktari mgeni, ajuaye maneno ya kumwambia asije akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka alfajiri. Kisha siku moja mtoto hutabasamu. Wazoefu wa wodi hizi huliandika tabasamu hilo katika faili sawasawa na wanavyoandika joto la mwili, kwa kuwa ni dalili ya kweli kwamba amegeuka njia. Nami nimemwona afisa tabibu mwenye mvi akiliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Ukiniuliza ni nani fundi mkuu katika kazi hii, sitakutajia aliyegundua maziwa yale wala aliyeandika mwongozo wake. Nitakutajia muuguzi aamkaye saa nane za usiku, akiwa peke yake na watoto arubaini, kuhakikisha kwamba kikombe kidogo kimenyweka mpaka tone la mwisho, na kwamba hakikuzidishwa kwa huruma.

Kuhusu dripu nina habari kubwa zaidi, nayo ni ya kwetu pwani. Kwa miaka mingi vitabu vya nchi tajiri vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haifiki vizuri mikononi na miguuni, atiwe maji mengi mshipani kwa kasi. Na madaktari waliokuja Afrika waliona haya kwamba huku maji hayo hayatolewi kwa wingi ule. Mwaka 2009 Kathryn Maitland, daktari wa watoto Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, pamoja na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania, walianza kulipima jambo hilo kwa uadilifu katika hospitali sita, mojawapo ikiwa ni ile ya Kilifi na nyingine ya Teule, Muheza, ambayo sisi wa Tanga tunaijua tangu utotoni. Walikuwa na tumaini kwamba maji yataokoa. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura: wengine wakatiwa maji ya chumvi kwa kasi, wengine albumini kwa kasi, na wengine wakapewa matone ya kawaida tu pamoja na dawa zao. Mwaka 2011 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa wale waliotiwa maji kwa kasi ndio waliokuwa wakifa zaidi: katika saa 48 za kwanza walikufa kama 10.5 kwa kila 100, na miongoni mwa wale walioachiwa matone ya kawaida wakafa 7.3. Maana yake ni kwamba katika kila watoto mia waliokirimiwa, watatu waliuawa na ukarimu. (Mtoto aliyekauka kwa kuhara ni habari nyingine, naye hakuwamo katika hesabu hiyo, huyo maji ndiyo tiba yake.)

Ninachokisifu hapa si matokeo peke yake. Nawasifu watu waliothubutu kuuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kuwafedhehesha walimu wao, na jibu lilipokuja kinyume cha tumaini lao wakalitangaza hadharani bila ya kulipaka rangi. Nawasifu pia wauguzi na matabibu wa Afrika Mashariki ambao majina yao hayasomwi na wengi, waliokaa kando ya vitanda wakipima, wakigusa, wakiandika saa baada ya saa, kwani pasipo uaminifu wa kalamu zao ulimwengu ungekuwa bado ukitundika chupa zile kwa nia njema. Aghalabu maarifa husemwa kuwa husafiri kutoka kaskazini kuja kusini. Haya yalipanda meli ya kurudi.

Nimemtaja mama mara kadhaa kama mtu aliyesimama pembeni, nami sasa nimweke mahali pake. Huko Malawi mama hahesabiwi kuwa mtazamaji wa zamu za saa kumi. Hulala sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe, hupika nsima, ugali wa huko, nje ya wodi pamoja na akina mama wenzake, hufua, hunywesha, hugeuza, na ndiye pekee ajuaye uso wa mtoto ulivyokuwa jana. Daktari anayejua kazi yake humwuliza yeye kwanza, kisha ndipo avae kipimo cha kusikilizia kifua. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyepelekwa Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, mwaka 1929, alifanya hivyo Accra. Wakubwa wake waliuchukua ugonjwa ule wa uvimbe na kubanduka ngozi, yaani unyafuzi, kuwa ni maradhi mengine yaliyokwisha kuandikwa vitabuni. Yeye akawauliza wanawake wa hapo, na kwao akapata jina la kwashiorkor pamoja na kisa chake, kwamba humpata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuzaliwa mdogo wake, akabaki na uji wa mahindi. Alipochapisha habari za ugonjwa huo mwaka 1933 walikuwapo London mabingwa waliombishia kwa ukali. Wanawake wa Accra hawakuyasoma mabishano hayo, wala hawakuyahitaji.

Na mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, kipindupindu kilizuka katika kambi ya Bangaon, na chupa za dripu zikaelekea kwisha. Dilip Mahalanabis, daktari wa watoto aliyetoka Calcutta, alichanganya glukosi, chumvi na magadi kwa vipimo vya maji ya kunywa, akayatia katika mapipa yenye bomba, akawapa jamaa za wagonjwa vikombe ili wanyweshe wao wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila 100 vikashuka chini ya 4. Wako waliosema wakati ule kwamba ni hatari kuwaachia watu wasiosoma tiba ya namna hiyo. Leo mama wa kijijini, akikosa pakiti ya dukani, huweka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa, akanywesha polepole, kijiko kwa kijiko, na mtoto akitapika hungoja kidogo akaanza tena. Naye ni daktari kamili kwa muda wa usiku huo.

Hapa yanipasa kusema neno kali, kwa kuwa wapo watu wanaosikia sifa za namna hii wakadhani kwamba ufukara ni mwalimu mwema, na heri uachwe uendelee kufundisha. Si kweli. Mtoto mwenye kichomi ambaye midomo imegeuka ya buluu haponi kwa kutazamwa. Hupona kwa oksijeni, na oksijeni hutaka mtambo, mtambo hutaka umeme, na umeme hutaka serikali inayojua wajibu wake. Katika hospitali ile ile ya Blantyre kilijaribiwa, kwa watoto wachanga wenye shida ya kupumua, kifaa cha kusukuma hewa mapafuni kwa shinikizo linaloshikiliwa kwa viputo vya maji, ambacho wanafunzi na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walikianzisha kwa pampu za matangi ya samaki wa mapambo. Waliopona wakawa 71 katika 100, na wale waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani wakapona 44. Tofauti hiyo haikuletwa na subira wala na hekima, imeletwa na kifaa. Beat Richner, daktari wa watoto wa Uswisi aliyefanya kazi Phnom Penh miaka ya 1974 na 1975 mpaka majilio ya wapiganaji wa Khmer Rouge yalipomwondoa, akarudi katika miaka ya 1990 kuifufua hospitali ya Kantha Bopha, kuiongezea nyingine, na kuwatibu watoto bila malipo kwa michango aliyoikusanya akipiga selo yake mbele ya watalii, alipambana kwa miaka mingi, kabla ya kufariki mwaka 2018, na watu wasemao kwamba maskini watosheke na tiba ya kimaskini. Mabingwa wengi walimlaumu kwamba hospitali zake ni za gharama mno kwa nchi kama Kambodia. Katika mabishano hayo mimi niko pamoja na mpiga selo. Kuacha kutundika dripu kwa kuwa unajua itadhuru ni ustadi. Kuacha kuitundika kwa kuwa kabati ni tupu ni msiba, na mtu asitumie jina la kwanza kuufunika wa pili.

Imebaki adabu ya mgeni. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wapo wageni wa hospitalini wanaoichukua methali hiyo kuwa ni wasifu wao. Huja kwa wiki mbili, huanzisha utaratibu mpya, hupiga picha na watoto ambao wazazi wao hawakuulizwa, kisha huondoka, na wenyeji hubaki kuutafuta ule utaratibu wa zamani ulikofichwa. Siwakatazi watu kuja kwa muda mfupi, hasa anayekuja kufundisha jambo moja analolijua barabara. Nasema tu kwamba ufundi niliousifu haujifunziki kwa wiki mbili. Mswahili akifika Malawi ana bahati kidogo, kwa kuwa katika lugha ya huko mwana ni mwana na kupuma ni kupuma. Lakini bahati hiyo humlaghai, akadhani ameelewa maneno ya mama hali ameelewa moja katika matano. Dawa yake ni kumwachia muuguzi atafsiri, na kumheshimu muuguzi huyo mbele ya watu.

Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada, alikubali mwaka 1961 kwenda kwa muda mfupi katika hospitali ya misheni ya Lacor, karibu na Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa mwaliko wa Piero Corti, daktari wa watoto Mtaliano ambaye hakuwa na cha kumlipa ila tiketi ya ndege na gharama ya sigara zake. Wakaoana, wakabaki. Walipita katika utawala wa Idi Amin na katika vita vilivyofuata. Mpasuaji akapata virusi vya UKIMWI kwa kuwapasua majeruhi, naye akafariki mwaka 1996. Watu humsimulia huyu kwa machozi, na ana haki yake. Mimi hupenda zaidi kusimulia habari ya Matthew Lukwiya, Mwacholi aliyefika Lacor mwaka 1983 akiwa daktari kijana, akapelekwa Liverpool kusomea maradhi ya watoto wa nchi za joto, akafanya vizuri kiasi cha kutakiwa abaki kufundisha, akarudi Gulu. Wale wageni wawili walikuwa wamekwisha kuamua kwamba hospitali itakuwa mkononi mwake. Ebola ilipoingia mwaka 2000 yeye ndiye aliyezitazama faili za wafu usiku kucha, akaitambua kabla ya majibu ya maabara, akaijulisha Kampala, akapanga wodi ya kuwatenga wagonjwa, na akawauguza hadi ikamuua mwenyewe tarehe 5 Desemba. Kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenyeji, fani ilikuwa imekwisha kuvuka, na ilivuka ikiwa nzima.

Malawi ilianza kufundisha madaktari wake yenyewe mwaka 1991, chuo cha udaktari kilipofunguliwa Blantyre, na hata kabla ya hapo mzigo mkubwa wa hospitali za wilaya ulikuwa mabegani mwa maafisa tabibu, kama ilivyo kwetu. Kwa hiyo mgeni afikaye leo hupewa mwalimu siku ya kwanza, na mwalimu huyo mara nyingi ni afisa tabibu mwenye kola iliyochakaa, aliyekwisha kutoa maji ya uti wa mgongo kwa watoto wengi kuliko profesa aliyemfundisha mgeni wake. Halazimiki kusema mengi. Mgeni akinyoosha mkono kuichukua chupa ya dripu, humwuliza tu, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kuwauliza wengine wengi kabla yake, kama ameshahesabu pumzi, na kama ameigusa miguu.